Kobe Amepata Miguu Mirefu

Nyumbani kwa Mama,
Barazani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na binti yenu, ambaye kwenye picha ya mwisho alikuwa na pengo mbele. Je, jino limeota? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote, kuna mtu hapa analisubiri. Na mgongo wako? Uliandika kwamba kiti cha kazini kinakutesa, kisha ukanyamaza, nami nimebaki nikijiuliza kama mgongo umepona au kiti kimebadilishwa. Unanijua, swali lisilojibiwa hunikaa kooni.

Sisi huku hatujambo. Mimi ni mzima, na shemeji yako ni mzima, na futi yake ya kupimia bado iko kiunoni hata akija mezani kula. Kazi ya useremala inakwenda. Mama naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonifanya nichukue kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu ungenikata mwanzoni tu. Soma mpaka mwisho kabla hujapandisha hasira.

Nimeliinua gari lako.

Ndiyo, Kobe. Yule yule uliyeniachia funguo zake ukasema nimwoshe, nimbadilishie oili, na nisimguse kwingine kokote. Nimemgusa kwingine. Sasa ana springi ndefu, shokapu mpya, na matairi makubwa ambayo nikisimama kando yake yananifika pajani. Watu wa mtaani kwetu wanauliza kama bado anaitwa Kobe au tumwite Twiga.

Sababu ni macho ya Mama. Nilikugusia kwenye simu kwamba ana mtoto wa jicho, lakini alikuwa amekaa karibu yangu na akanikanyaga mguu nisiendelee. Yalikuwa macho yote mawili, Kaka, na yalikuwa yanakwenda haraka. Chai alikuwa anaimimina huku ameweka kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Wageni aliwatambua kwa kikohozi. Ile picha ya binti yako nilipompa aliishika juu chini, akaitazama kwa utulivu, akasema mtoto amechukua uso wa babu yake. Nilimwambia ni kweli, kisha nikaenda jikoni kujifanya naosha vyombo.

Daktari wa macho hakai kwenye hospitali yetu, huja siku moja moja tu. Tulipata siku ya kwanza, nikaja na Kobe kumchukua Mama. Kumbuka lile daraja dogo la kuingilia huku lilibebwa na maji, na badala yake wakamwaga mawe tuwe tunavuka hivyo hivyo. Katikati kuna jiwe moja lenye mgongo. Kobe wako alikuwa mzee, springi zimelala, tumbo liko karibu na ardhi. Difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, likakaa juu ya lile jiwe, na magurudumu yakabaki yanazunguka na kurusha maji.

Mama alikuwa ndani, amevaa nguo zake za kutokea, mkoba magotini. Walikuja watu na kamba wakatuvuta kurudi nyuma, na kufikia hapo daktari alikuwa ameshamaliza kazi yake na kuondoka. Tulipofika nyumbani ndipo Mama akafungua mdomo, akasema hatakalishwa tena juu ya jiwe kama kuku anayeatamia. Nilicheka, yeye hakucheka.

Tukapewa siku nyingine, na muuguzi akatuonya kwamba tukiikosa hiyo, daktari hatakuja tena mpaka mvua kubwa zipite. Mvua zikianza, huku hakutoki mtu. Na kwa jinsi macho yalivyokuwa yakififia, sikutaka kufikiria Mama atakuwa anaona nini mvua zikiisha.

Ndiyo nikaenda kwa Fundi Kimya. Hujawahi kumwona, alifungua gereji baada ya wewe kuondoka. Ukutani ametundika springi za zamani kama mtu anayeanika nguo, na ana redio ambayo haiimbi mpaka ipigwe kofi. Yeye mwenyewe haongei. Unaweza kufikiria mimi na mtu asiyeongea tulivyopatana! Siku ya kwanza nilimuuliza maswali mpaka akaingia chini ya gari na kukaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Lakini nimejifunza mambo, Kaka, na lazima nikuambie hata kama unayajua. Mimi nilidhani ukirefusha springi basi kila kitu kinapanda, pamoja na lile difu lililotutia aibu. Nikamwambia Fundi Kimya aweke springi ndefu tu, matairi ayaache. Akatikisa kichwa. Nikauliza kwa nini. Akanivuta mkono tukachuchumaa, akauweka mkono wangu kwenye ekseli.

“Hii imeshikwa na nini?”

Nikapapasa. Imeshikwa na magurudumu, moja huku na moja kule. Springi ziko juu yake, na bodi iko juu ya springi. Kwa hiyo ukirefusha springi, bodi inapanda na sisi abiria tunapanda, lakini difu linabaki pale pale kwenye jiwe lake. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Na hata tairi linakupa nusu tu! Ukiweka tairi lililozidi la zamani kwa kiganja kizima, difu linapanda nusu kiganja, kwa sababu nusu nyingine imekwenda upande wa juu wa gurudumu. Jambo hili lilinifurahisha mpaka nikamweleza shemeji yako mezani kwa kutumia sahani na mwiko, na mchuzi ukamwagika.

Basi nikarudi kesho yake na swali jingine: kama springi haziinui difu, tunaziweka za nini? Fundi Kimya akachukua moja ya yale matairi makubwa, akaliegemeza kwenye gurudumu la mbele, akanionyesha lilivyopita ukingo wa madigadi. Tairi likiwa kubwa na bodi ikiwa chini, ukikata kona au ukiruka shimo linasugua bati mpaka lipasuke. Springi ni za kulitafutia tairi nafasi. Sikuwahi kufikiria kwamba gari linaweza kuinuliwa juu ili lisijikwangue lenyewe.

Kisha likaja jambo la mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta ya breki magurudumuni. Bodi ikipanda, mipira ya zamani inavutika, na siku gurudumu likining'inia shimoni inaweza kukatika. Akaweka mirefu. Akarekebisha usukani. Akasogeza na taa, lakini hizo hakuzisogeza vya kutosha mara ya kwanza, kwa sababu jioni niliporudi zilimulika moja kwa moja dirisha la juu la yule mama mshonaji wetu. Alitoka na mkasi mkononi akiuliza nani anamtafuta.

Na je, unajua kwamba Kobe sasa ni mwongo? Gurudumu kubwa linazunguka mara chache zaidi kwa njia ile ile, na ile mita ya mbele inahesabu mizunguko tu, haijui tairi limebadilishwa. Ukiangalia mshale, unakwenda polepole kuliko unavyokwenda kweli. Na ile namba ya safari nimeilinganisha na ya zamani, inadai kutoka kwetu mpaka kwa Mama kumekuwa karibu zaidi kuliko zamani. Najua si kweli, lakini nilipoiona nilifurahi.

Sasa nikupeleke kwa shemeji yako. Fundi alipotaja matairi makubwa tu, mume wangu akaamka. Wewe unamjua, mtu ambaye akinunua kabati anapima kwanza ngazi za duka. Alikwenda mtoni akalipima lile jiwe kwa fimbo, na maji akayapima, na pale mawe yalipojaa tope akapapima pia. Alipima mlango wa banda letu, akaona Kobe mpya hataingia, akaondoa boriti ya juu kabla gari halijatoka gereji. Alipima kimo cha tawi linaloinamia njia ya kuingia kwa Mama, akalikata. Penseli sikioni, namba kila mahali, mpaka kwenye kipande cha sabuni. Nilimwambia amebakiza kumpima paka.

Siku yenyewe tuliondoka mapema, mimi na yeye, na Fundi Kimya nyuma. Alisema anataka kusikiliza springi zake zinavyolia. Kivukoni nilitoa kichwa dirishani nione difu linavyopita juu ya jiwe. Shemeji yako akapiga kelele nirudi ndani, lakini niliona, Kaka! Lilipita, na nafasi ikabaki ya kutosha kupitisha kikombe. Tuliingia kwenye uwanja wa Mama kwa mbwembwe kama watu waliokuja kuchukua bibi harusi.

Mama alikuwa tayari, nguo zile zile, mkoba ule ule. Akashuka ngazi za baraza akishika ukuta, akaja mpaka kwenye mlango wa gari. Hukuwepo alipovunjika nyonga, kwa hiyo hujui anavyopanda gari siku hizi. Hawezi kuinua mguu. Anageuka, analigeuzia gari mgongo, anapeleka mkono nyuma mpaka uguse kiti, anakaa, kisha anaingiza miguu yote miwili pamoja. Kobe wa zamani alikuwa kimo chake barabara.

Akageuka. Akapeleka mkono nyuma. Mkono ukagusa chuma. Akaupandisha kidogo, bado ni chuma. Akaendelea kupapasa huku na huku, nasi wote watatu tumesimama tunautazama ule mkono.

“Kiti mmekiweka wapi?”

Kiti kilikuwa usawa wa mbavu zake. Tulipima jiwe, tukapima maji, tukapima mlango na tawi, na Mama hatukumpima. Shemeji yako alishika futi yake kiunoni kama mtu aliyekumbushwa deni.

Akajitolea kumbeba. Mama akasema yeye si gunia la mkaa, na anayetaka kubeba kitu abebe haya yake aondoke. Nikaleta kigoda. Aliweka mguu mmoja, nyonga ikagoma, kigoda kikayumba, akaning'ang'ania mkono mpaka kucha zikaacha alama ambayo bado ipo. Basi akakaa juu ya kigoda, akaweka mkoba magotini vile vile kama siku ya jiwe. Fundi Kimya alilizunguka gari akijikuna kichwa, akasema tunaweza kupunguza upepo kwenye matairi, akaona mwenyewe kwamba hilo si jibu. Muda ulikuwa unakwenda na daktari hangesubiri. Niliogopa, Kaka. Nilitamani kulia mbele ya watu, mimi niliyekuwa nacheka na sahani na mwiko.

Kisha Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kiti hicho kiko juu kiasi gani. Shemeji yako akaanza kumtajia namba. Mama akamkatiza.

“Sitaki namba. Kinanifika wapi?”

Nikamgusa mbavuni nilipoona kinamfika. Akafikiri kidogo.

“Basi nikisimama barazani kitakuwa kimo changu.”

Kumbe miezi yote hiyo ya kupanda na kushuka zile ngazi bila kuona, alikuwa ameshika kimo cha baraza lile mwilini mwake. Shemeji yako akakimbia kupima. Ukitoa kimo cha baraza, tofauti na kiti cha zamani ilikuwa unene wa kidole. Tulichohitaji ni Kobe asimame ubavuni mwa baraza, mlango ukiwa wazi, Mama atoke chumbani kwake kwa usawa mmoja mpaka kwenye mlango huo, akae.

Lakini mbele ya baraza kuna maua yake. Unayakumbuka. Siku unaondoka uliyakanyaga kwa sanduku lako ukafokewa huku unaagwa. Alikuwa hayaoni tena, lakini jioni bado aliyamwagilia, akishika majani moja moja kujua lipi lina kiu.

Akasema tupitishe gari. Nikauliza, kama kawaida yangu, maua je?

“Maua yataota. Macho hayaoti. Pitisheni!”

Fundi Kimya akakamata usukani. Nilifumba macho, nikayasikia maua yakivunjika. Alipoliweka gari sawa, Mama alipanda baraza, akageuka, akapeleka mkono nyuma. Ukagusa kiti. Akakipapasa mara mbili kuhakikisha, akakaa, akaingiza miguu.

“Haya. Tunamsubiri nani?”

Na Fundi Kimya, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akicheka, alicheka mpaka akazima gari kwa bahati mbaya.

Kivukoni Mama aliniuliza kama tumefika kwenye jiwe. Nikamwambia tumeshalipita. Hakuamini, ikabidi niape.

Najua utauliza hospitalini alishukaje. Nilikuwa najiuliza hilo njia nzima. Nyuma ya hospitali kuna jukwaa la saruji ambapo malori ya chakula hupakua mizigo. Mlinzi alikataa, Mama akamwita karibu na dirisha akamnong'oneza kitu ambacho mpaka leo hataki kuniambia, na mlinzi akafungua geti. Kwa hiyo yule aliyekataa kuwa gunia la mkaa aliingia hospitali kwa mlango wa magunia ya mchele. Usimwambie nimekuambia.

Walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia. Kesho yake wakaondoa bandeji. Alinitazama mimi kwanza, akasema kumbe nimeota mvi. Akamtazama shemeji yako, akamwambia atoe futi kiunoni, hapa ni hospitali. Tulipomtoa nje akasimama kwenye lile jukwaa, akamtazama Kobe toka matairi mpaka paa, akauliza nani kamfanya hivi, amekuwa na sura mbaya. Fundi Kimya akatazama viatu vyake.

Tulipofika nyumbani nilimpa tena ile picha. Aliishika sawasawa. Alikaa nayo muda mrefu, akaipeleka kwenye mwanga, akairudisha.

“Mbona hamkuniambia ana pengo?”

Yeye ndiye anayesubiri jibu la jino, Kaka. Ameniuliza asubuhi na ameniuliza tena sasa hivi.

Sasa lipo jicho la kushoto. Daktari amesema litafanyiwa akija tena baada ya mvua. Nilimwambia Mama kwamba njia tunayo na gari tunalo, safari hii hakuna wasiwasi. Akasema mimi nimeshamaliza zamu yangu. La kulia nimelipeleka mimi, la kushoto atalipeleka mwenye gari. Nilimbembeleza, shemeji yako naye akambembeleza, lakini unamjua Mama akishasema. Pale magurudumu yalipopita kwenye maua amekataza pasipandwe kitu. Shemeji yako amepanga mawe mistari miwili mpaka ubavuni mwa baraza, na kila asubuhi Mama anatoka kuyatazama, kwa jicho moja, akiwa amefunika lile jingine kwa kiganja.

Mimi nimeshauliza maswali ya springi, ya difu, ya mita na ya mipira ya breki, na yote yamejibiwa na mtu asiyeongea. Limebaki moja, na hilo linakuhusu wewe unayeongea vizuri. Utakuja lini?

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie kile kitambaa alichonitumia, yule mshonaji mwenye mkasi ananishonea. Mbusu binti yenu hapo kwenye pengo. Shemeji yako anakusalimu na anaomba kimo chako na cha mkeo, hataki kurudia makosa. Fundi Kimya naye, nilipomwambia nakuandikia, alisema usiende mbio kwenye kona, gari sasa linalala upande. Hayo ni maneno mengi kwake, yatunze.

Mungu akufunike huko uliko na akunyooshee mgongo na safari.

Wako akupendaye siku zote,
Mdogo wako, Mdadisi.

Mwanangu, barua hii nimeisoma yote mwenyewe. Kwenye habari ya kucha mdogo wako ametia chumvi. Kwenye habari ya jicho la kushoto hajatia.
Mama.